Ndoo mbili za maji ya Ndakaini

Ukitaka kuujua vizuri mtaa wa Buruburu jijini Nairobi, usiutembelee siku ya kazi. Siku ya kazi utaona matatu za nambari 58 zikiwania abiria kwa muziki wa kupasua masikio, utaona watoto wa shule wakikimbia na mikate mkononi, na basi. Njoo Jumamosi asubuhi, mwendo wa saa moja na nusu, kabla jua halijawa kali. Wakati huo milango ya chuma hufunguliwa mmoja baada ya mwingine, redio huwekwa dirishani, na akina baba hutoka wakiwa wamevaa kaptura kuukuu, ndoo mkononi na tambara begani. Wanaosha magari.

Mimi ni mmoja wao. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiamini kwamba hakuna mapumziko yanayomfaa mtu wa mjini kama kuosha gari lake mwenyewe, mlangoni pake, huku watoto wakimzunguka. Lakini Jumamosi moja mwezi wa Februari niligundua kwamba kazi hiyo ndogo ina mkia mrefu, na kwamba mkia wenyewe unafika hadi milimani.

Mtaa huu ulianza kujengwa miaka ya 1970, kwa awamu tano, upande wa mashariki wa jiji. Nyumba zake za ghorofa moja zenye vigae vyekundu zimepangwa kuzunguka viwanja vidogo ambavyo wakazi huviita koti. Katika koti moja kila mtu anamjua mwenzake, anajua nani amepika chapati na nani amechelewa kurudi. Siku hizi nyumba nyingi zimeongezewa maduka na vyumba vya kupangisha kwa mbele, lakini koti zingali pale, na Jumamosi zingali zile zile.

Wazee wa mtaa husimulia kwamba zamani mwenye gari alikuwa mtu wa kuhesabika. Aliyekuwa na Peugeot 504 hakusalimiwa mara moja. Gari la aina hiyo lilishinda mbio za Safari mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na kila aliyelimiliki, hata kama alilitumia kwenda ofisini na kurudi tu, alijiona dereva wa mashindano. Kuliosha ilikuwa ibada. Leo koti zimejaa magari yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa kwetu, yakiwa yamebanana hadi mtu anapita kwa ubavu. Hata hivyo mwenye Vitz huipangusa kwa mapenzi yale yale.

Ramani ya uchafu

Uchafu wa gari la Nairobi una ramani yake. Aliyekwenda kuwaona wazazi upande wa Kikuyu au Limuru hurudi na udongo mwekundu ulioshika magurudumu kama rangi. Aliyepita Embakasi wakati wa mvua hurudi na ule udongo mweusi unaonata kama ulimbo na ukikauka hugeuka kuwa mawe chini ya matairi. Oktoba na Novemba mijakaranda humwaga maua yake ya zambarau juu ya boneti, na maua hayo yakilala huko siku mbili huacha madoa. Ole wake naye aliyeegesha gari chini ya miti ya Barabara ya Mombasa karibu na Uwanja wa Nyayo, mahali ambapo korongo wakubwa wenye vipara wamezoea kujenga viota. Kinyesi cha ndege hao hakina adabu, na kisipotolewa mapema huila rangi.

Mwenye macho hasomi nambari ya gari tu. Jirani yangu mmoja aliwahi kumwambia mkewe kwamba alikuwa amekesha katika mkutano katikati ya jiji. Asubuhi mama huyo alizunguka gari mara moja, akakwaruza gurudumu kwa ukucha, akauliza, "Siku hizi mikutano ya jiji hufanyiwa shambani?" Tangu siku hiyo bwana huyo huosha magurudumu kabla ya kuingia koti.

Aliyenifundisha kuosha gari sawasawa ni mzee wa nyumba ya kona, mstaafu wa reli. Mara ya kwanza aliponiona nikimimina sabuni ya unga ndani ya ndoo alitikisa kichwa.

"Habari ya asubuhi, mzee," nilimwamkua.

"Njema, kijana. Lakini hilo gari lina makosa gani hata uliadhibu hivyo? Gari si suruali."

Akanieleza taratibu. Sabuni ya unga imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo, na juu ya gari hung'oa nta inayoilinda rangi. Baada ya muda rangi hupauka kama ngozi isiyopakwa mafuta. Afadhali sabuni laini iliyotengenezewa magari, nayo iwe kidogo. Gari lioshwe kivulini na likiwa limepoa, kwa maana maji yakikaukia juu ya boneti moto huacha madoa, na kioo chenye joto kali kikimwagiwa maji baridi chaweza kupasuka.

Kisha mpango wenyewe. Ndoo ni mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Unaanza paani na kushuka chini, kwa sababu uchafu mwingi zaidi uko chini. Kwanza unalowesha vumbi ili lilainike. Anayepangusa vumbi kavu kwa tambara huwa anapiga msasa rangi yake mwenyewe. Kila baada ya kupangusa sehemu moja, kitambaa kinaingia katika ndoo ya kusuuzia kabla ya kurudi kwenye sabuni, maana chembe moja ya mchanga ikibaki humo itachora mistari gari zima. Magurudumu huoshwa mwisho kwa kitambaa chake, nacho kisiguse mwili wa gari tena. Injini haimwagiwi maji ovyo, kwani kuna nyaya na vifaa vya umeme visivyopenda maji. Kitambaa kibichi kinatosha. Vioo husuguliwa kwa gazeti la jana. Mhariri asikasirike, lakini ukweli ni kwamba hakuna kitu kinachong'arisha kioo kama karatasi ya gazeti. Mwisho, ukishamaliza, endesha polepole hatua chache huku ukikanyaga breki mara mbili tatu ili zikauke kabla ya kuingia barabarani.

"Na ukijua kazi," mzee alimalizia, "lita 40 zinatosha. Mitungi miwili."

Nilimsikiliza yote, isipokuwa hilo la mwisho. Wiki iliyofuata nilinunua mpira wa maji wa mita 15.

Jumamosi ya mpira

Wakazi wa Nairobi hawahitaji kuelezwa habari ya mgao wa maji. Katika koti letu wakati huo maji yalikuwa yakija usiku wa Ijumaa na kukatika Jumamosi adhuhuri. Kila mtu alijaza tangi, ndoo, sufuria na hata beseni la kuogeshea mtoto. Jumamosi hiyo mimi nilikuwa nimekwisha kujaza tangi langu, nikaona sina deni na mtu. Nikaunganisha mpira kwenye mfereji, nikaufungua hadi mwisho, nikaanza kuosha. Nilipokuwa nikisugua, mpira niliuacha chini ukiendelea kutiririka. Binti yangu wa miaka tisa na kaka yake waliurukaruka mto huo mdogo wakipiga kelele za furaha. Maji yalipita mlangoni, yakashuka koti nzima, yakaingia mtaroni.

Baada ya nusu saa nilimwona mama wa nyumba ya mwisho akipanda kuja juu. Ni mama wa makamo, na kwetu ana heshima ya pekee. Mke wangu alipolazwa hospitali kwa siku sita, yeye ndiye aliyewapikia wanangu, akawaogesha na kuwalaza nyumbani kwake bila kuuliza malipo. Mkononi alikuwa na mitungi miwili mitupu.

"Habari ya asubuhi, mwanangu."

"Nzuri, mama. Na nyinyi?"

"Tumeamka. Mfereji wangu unatoa hewa tu tangu alfajiri. Nikaona maji yakipita mlangoni pangu, nikayafuata nijue yanakotoka."

Akautazama mpira. Nami nikautazama. Akaongeza, kwa sauti ile ile ya chini, "Binti yangu ametoka kujifungua. Nina mtoto wa siku tatu ndani."

Laiti angenigombeza! Mtu akikugombeza unapata nafasi ya kujitetea. Nilifunga mfereji mbio, nikaijaza ile mitungi kutoka kwa tangi langu, nikaibeba mwenyewe hadi kwake. Alishukuru, lakini hakunikaribisha ndani. Nilipopita nyumba ya kona mzee wa reli alikuwa amesimama mlangoni. Alinieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Nyumba yangu ndiyo ya kwanza kwenye bomba la koti na ya mama yule ndiyo ya mwisho. Maji yanapokuwa na nguvu kila mtu hupata. Yanapokuwa dhaifu, aliye juu akifungua mfereji wote, aliye chini hunyonya hewa. Siku hiyo maji yalikatika saa nne, mapema kuliko kawaida. Nepi za yule mtoto zilifuliwa kwa maji ya mkokoteni, ya kununuliwa kwa mtungi.

Nilipopima baadaye niliona aibu zaidi. Mpira wangu ulijaza ndoo ya lita 20 kwa dakika mbili. Kwa nusu saa nilikuwa nimemwaga lita 300, yaani mitungi 15, kwa gari ambalo mzee wa reli angeliosha kwa mitungi miwili. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kwa wiki kadhaa mama yule alinisalimu kwa kichwa tu.

Safari ya Ndakaini

Jioni ya siku hiyo binti yangu aliniuliza, "Baba, kwani maji ya mfereji yanatoka wapi?" Nilijibu kwamba yanatoka kwenye bwawa. Akauliza liko wapi. Nikanyamaza. Mtu mzima, mwandishi wa gazeti, nimekunywa maji hayo miaka yote bila kuona yanakoanzia! Jumapili iliyofuata tukapakia chai ya chupa na mahamri, tukashika njia ya Thika.

Barabara hiyo kuu, iliyokamilika mwaka 2012, hukufikisha Thika kabla watoto hawajaanza kuuliza kama tumefika. Baada ya Thika tuliingia upande wa Gatanga, katika Kaunti ya Murang'a, na nchi ikaanza kubadilika. Joto la mjini lilipungua, vilima vikaongezeka, mananasi na mahindi yakaachia majani chai nafasi. Barabara ilipanda na kuzunguka, na kila tulipofungua dirisha hewa baridi iliingia kama ya friji. Hatimaye tulipopinda kona moja, maji yale hapo, yametanda kimya katikati ya vilima vya kijani.

Bwawa la Ndakaini lilikamilika mwaka 1994. Mto Thika na mito mingine midogo inayoshuka kutoka milima ya Aberdare ndiyo inayolijaza, nalo linaweza kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Kutoka hapo maji hupita chini ya ardhi katika mahandaki hadi Mto Chania, husafishwa Ng'ethu, kisha hushuka kwa mabomba hadi matangi ya Gigiri na kugawanywa mitaani. Yapo mabwawa mengine ya zamani, Sasumua na Ruiru, na zipo chemchemi za Kikuyu, lakini Ndakaini ndilo ghala kuu la jiji. Mvua isiponyesha Aberdare, mifereji ya Nairobi hukohoa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2017, bwawa hili lilipopungua na jiji zima likawekewa mgao.

Siku tuliyofika kiangazi kilikuwa kimelila. Kuzunguka maji palikuwa na ukanda mpana wa udongo mwekundu, mtupu, ukionyesha mahali maji yalipokuwa na mahali yalipo. Binti yangu alidhani ni ufuo wa bahari.

Tulikutana na mzee mmoja akichunga ng'ombe wawili kando ya barabara. Tukasalimiana, tukampa chai. Alitueleza kwamba anakumbuka watu wakilima pale chini ambapo sasa pamefunikwa na maji. Kwake yeye, alisema, maji ya kunywa bado huchotwa kijitoni na kubebwa.

"Nyinyi watu wa Nairobi huja kuyatazama," alisema akicheka kidogo. "Huko kwenu huyafanyia nini?"

Nilikuwa natafuta jibu la heshima, la viwanda na hospitali na shule. Binti yangu aliwahi.

"Baba huosha gari."

Mzee alilitazama gari letu, ambalo kwa wakati huo lilikuwa jekundu kwa vumbi hadi madirishani. Hakusema neno. Alikunywa chai yake, akatuombea safari njema, akawafuata ng'ombe wake.

Yaendako

Kama maji yana yatokako, yana pia yaendako. Mtaro unaopokea povu la gari lako Eastlands haukomei mtaani. Maji ya mitaro huishia katika Mto Nairobi na vijito vyake. Mto Nairobi humwagika katika Mto Athi, nao Athi hupita Ukambani, hukutana na Mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha Sabaki, hadi unapoingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Oili iliyodondoka, sabuni kali na grisi ya magurudumu husafiri pamoja. Huko njiani kuna watu wanaochota, wanaonywesha ng'ombe na wanaomwagilia mboga ambazo pengine zitarudi sokoni kwetu. Jina la Nairobi lenyewe linatokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Leo mtu hawezi kuyaonja.

Ndiyo maana wanaoendesha gari hadi kingo za mto na kuoshea pale pale majini hawajiokolei chochote. Ni heri kuoshea mahali penye nyasi au kokoto, ambapo maji machache yanayodondoka hunywewa na ardhi, kuliko kuyaelekeza mtoni.

Niliwauliza pia vijana wanaoosha magari kando ya barabara si mbali na kwetu, wenye pampu na buti za mpira. Mmoja alinijibu, "Mkubwa, mkiosha nyote nyumbani, sisi tutakula nini?" Ni swali la haki. Wengi wao wamemaliza shule na hawana kazi nyingine. Tangu hapo nimejiwekea utaratibu. Nikitoka safari ya mbali, gari likiwa na matope chini ya tumbo, nawapelekea wao, kwa sababu wana vifaa nisivyo navyo. Lakini nachagua penye maji ya kisima na shimo la kupokea maji machafu, si penye mtaro unaoelekea mtoni. Vumbi la wiki namalizana nalo mwenyewe.

Pipa la kona

Mpira wa mita 15 nimeukunja na kuutundika stoo. Badala yake nilifunga mfereji wa bati ukingoni mwa paa na kuweka pipa la lita 200 chini yake. Hesabu yake ni rahisi, nami niliwafundisha watoto: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Upande mmoja wa paa wenye mita 20 za mraba, mvua ikinyesha milimita 10, hukupa karibu lita 200. Mvua za masika zilipoanza, pipa lilijaa kwa usiku mmoja, na watoto wakatoka na nguo za kulalia kwenda kulichungulia.

Sasa Jumamosi yangu ni ya ndoo mbili. Mwanangu analowesha, binti yangu anasuuza kitambaa, nami nasugua. Maji ya ndoo ya kusuuzia, yasiyo na sabuni nyingi, huoshea magurudumu mwishoni. Inachukua dakika 40 badala ya 30, na hizo dakika kumi za ziada ndizo tunazozungumza mambo ya shule.

Jumamosi moja ya mwezi wa Mei nilikuwa nimeinama kwenye gurudumu nikasikia hatua nyuma yangu. Alikuwa mama wa nyumba ya mwisho, mjukuu mgongoni, mtungi mkononi. Alisimama akatazama ndoo zangu mbili, akatazama pipa.

"Siku hizi gari lako linaoga kama mtu," alisema.

"Nimefundishwa, mama."

Akauweka mtungi chini, karibu na pipa. "Nijazie nusu. Nataka kupiga deki, na ya mfereji nayawekea mtoto."

Niliujaza hadi mdomoni, nikaubeba hadi kwake. Safari hii alifungua mlango, akavuta kiti na kumwita binti yake alete chai.

Msomaji, kesho kutwa ukichukua ndoo yako, chungulia kwanza mtaroni ujue nani yuko chini yako.